Baada ya Kiharusi: Mgonjwa Wenu Anapoanza Kliniki ya Mazoezi

Mgonjwa ameruhusiwa kutoka wodini. Presha imeshuka, dawa amepewa, na kwenye karatasi ya kuruhusiwa daktari ameandika kwamba aanze fiziotherapia, yaani mazoezi tiba, akitokea nyumbani. Familia inabaki na maswali. Anakwenda kufanyiwa nini huko? Atachuliwa? Ataumia? Atatembea lini? Tumeandika kijitabu hiki kwa ajili ya nyumba yenye mtu aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi.

Kilichoumia ni ubongo

Kiharusi hutokea pale damu inaposhindwa kufika sehemu fulani ya ubongo kwa sababu mshipa umeziba, au mshipa unapopasuka na damu kuvujia ndani. Mkono uliolegea hauna kidonda. Ile sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiuamrisha ndiyo iliyoumia. Kwa hiyo kumchua mgonjwa kwa mafuta ya nazi jioni kunamfariji, na akichuliwa polepole si vibaya, lakini kuchua peke yake hakurudishi nguvu. Sehemu za ubongo zilizobaki salama zinaweza kujifunza kazi ya ile iliyokufa, nazo hujifunza kwa kutenda, kitendo kile kile, mara nyingi, kila siku. Kwa wagonjwa wengi maendeleo huwa ya kasi zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, kisha huendelea taratibu. Anayewaambia msubiri kwanza mgonjwa apate nguvu ndipo aende mazoezi anawapotezea siku za thamani.

Siku ya kwanza

Nendeni na karatasi ya kuruhusiwa, dawa zake zote na kadi ya bima kama anayo. Avae nguo pana na viatu vinavyoshika kisigino, si ndala. Awe amekula na amemeza dawa ya presha kama kawaida. Wapo wanaoiahirisha hadi warudi nyumbani, na hilo ni kosa. Na muhimu kuliko vyote, aje naye mtu anayeshinda naye nyumbani. Mara nyingi anayemsindikiza ni kijana mwenye gari, wakati dada au mke anayemwogesha kila asubuhi amebaki jikoni. Huyo wa jikoni ndiye tunayemhitaji, kwa sababu ndiye atakayefundishwa.

Mtaalamu atapima presha kwanza. Ikiwa juu sana, mazoezi ya siku hiyo yataahirishwa, msikasirike. Kisha atapima nguvu za misuli na kuzipa alama kuanzia 0 hadi 5, ataangalia kama mgonjwa anaweza kukaa bila kuegemea, na kama anatembea, atahesabu sekunde anazotumia kumaliza mita 10. Vipimo hivi vitarudiwa wiki zijazo, ndivyo mtakavyojua kama mnasonga mbele.

Halafu mgonjwa ataulizwa: unataka kuweza kufanya nini? Msimjibie. Hata aliyepoteza usemi mara nyingi anaelewa zaidi ya tunavyodhani. Aulizwe maswali ya ndiyo na hapana, na apewe muda. Mmoja atataka kwenda chooni mwenyewe, mwingine kusujudu, mwingine kukoroga ugali wake. Mazoezi yatapangwa kuelekea hapo.

Kila hudhurio huchukua kama nusu saa hadi saa moja. Sehemu nyingi huanza na mara 2 au 3 kwa wiki. Kama nauli ya bajaji ni tatizo, semeni siku hiyo hiyo bila haya, ili mpangiwe mazoezi mengi zaidi ya nyumbani na safari chache. Kunyamaza na kutoweka baada ya wiki mbili ndiko kunakotuumiza sana sisi wataalamu, maana mgonjwa huyo tunamwona tena mwaka unaofuata, mkono umeshakaza na vidole vimejikunja.

Mwacheni afanye

Kuna baba mmoja aliyewekewa bakuli mbili mezani, moja ina maharage makavu, nyingine tupu. Kazi yake ilikuwa kuhamisha punje kumi kwa mkono uliopooza. Punje ya kwanza ilimchukua muda mrefu. Kidole gumba kilitetemeka, jasho likamtoka puani, maharage yakaanguka. Binti yake aliyekaa pembeni akanyoosha mkono amwokotee. "Baba, acha nikusaidie." Alikuwa anampenda baba yake; yeyote aliyekuwa mle chumbani aliliona hilo. Lakini ile punje iliyoanguka ndiyo iliyokuwa tiba.

Basi akishika kijiko vibaya, mwacheni ashike vibaya. Mezani mpe nusu saa badala ya dakika kumi. Wa kulishwa ni yule anayeshindwa kabisa. Ila akipaliwa au kukohoa kila anapomeza, acheni kwanza na mwambieni daktari, maana chakula kinaweza kuingia mapafuni.

Kuinuka kwenye kiti ni zoezi kubwa lisilohitaji kifaa. Tafuta kiti kigumu kisichoteleza, kiegemeze ukutani, miguu yote miwili ikanyage chini, ainuke na kukaa kwa idadi aliyopewa kliniki. Wewe simama upande uliopooza. Usimvute mkono huo kumwinua, hata siku moja: bega lake limelegea, na likiteguka maumivu yake hukaa miezi. Mshike kiunoni. Akikaa, mkono uegemee mto. Akivaa shati, aanze na mkono mgonjwa. Akivua, aanze na mzima.

Choo cha kuchuchumaa huwashinda wengi. Fundi seremala anaweza kutoboa tundu katikati ya kiti cha mbao chenye miguu imara, kikawekwa juu ya shimo. Na bodaboda isitumike mpaka mtaalamu aseme.

Maumivu, uchovu na hatari

Misuli kuuma kidogo hadi kesho yake ni kawaida, na uchovu mzito pia, kwa hiyo alale mchana. Lakini acheni mazoezi na mwende hospitali mara moja iwapo kifua kinabana, pumzi inakata, au mguu mmoja umevimba na unauma kwenye shavu la mguu. Mguu wa namna hiyo usichuliwe. Huenda kuna damu iliyoganda ndani. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukiishiwa nguvu upya au maneno yakivurugika, huenda ni kiharusi kingine. Msimpe chochote mdomoni, kimbieni hospitali.

Mtamwona pia analia bila sababu, au anakataa kuamka. Wagonjwa wengi wa kiharusi hupata sonona, nayo ina matibabu. Mwambieni mtaalamu kama mnavyomwambia kuhusu bega.

Baada ya miezi kadhaa mahudhurio yatapunguzwa, labda mara moja kwa mwezi. Hamjatupwa. Siku hiyo ombeni karatasi mpya ya mazoezi yenye idadi na michoro, muibandike ukutani pale anapokunywa chai asubuhi.