Simu ya Kulipa Kidogo Kidogo



Katika nyumba nyingi kimeingia kitu kinachogombanisha mume na mke, na si pombe wala mashemeji. Ni simu janja iliyochukuliwa kwa malipo ya kila siku. Muuzaji anadai malipo ya kwanza kidogo, na jioni hiyo hiyo simu iko mezani. Hatusemi simu ni mbaya. Tunasema kwamba deni la kila siku ni la nyumba nzima, hata kama mmoja tu ndiye aliyetia sahihi.

1. Hesabu yake

Tuseme mmelipa shilingi 2,500 kwanza, kisha shilingi 60 kila siku kwa mwaka mmoja. Sitini mara siku 365 ni 21,900. Ongeza zile za kwanza, mtapata 24,400. Ikiwa dukani simu hiyo ni shilingi 15,000 taslimu, mmelipa 9,400 zaidi. Hizo zinaweza kununua mbuzi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Tukumbuke kwamba haba na haba hukimaliza pia.

2. Jinsi inavyofungwa

Ndani ya simu hiyo kuna programu ya kampuni. Malipo yakikosekana, simu hufungwa mpaka mlipe. Mama asipouza mboga kwa sababu ya mvua, au pikipiki ya Baba ikiharibika, deni halingoji.

Hapo wengi huingiwa na hofu na kukopa kwa haraka. Tulieni. Laini ni yenu. Itoeni, muiweke katika kabambe. M-Pesa imetumika katika simu za kawaida tangu mwaka 2007 na haihitaji intaneti. Mtapiga simu na kutuma pesa kama kawaida mkitafuta za kulipa.

3. Deni linalozaa deni

Tuchukue mfano. Mama amelipia simu kwa Fuliza, huduma iliyoanza mwaka 2019, bila kumwambia mumewe. Baba anamtumia shilingi 3,000 za karo. Pesa zikiingia tu, deni la Fuliza linakatwa kwanza. Jioni Baba anauliza, "Mama Mutua, mbona shule wanasema karo haikutosha?" Mama ananyamaza. Baba anaanza kuwaza mambo mengine kabisa, pengine hata kwamba kuna mwanamume mwingine. Kilichoumiza nyumba hiyo ni siri kuliko shilingi zenyewe. Kukopa harusi, kulipa matanga.

4. Upande wa pili

Tuwe wa haki. Walimu wengi hutuma taarifa kwa WhatsApp, na Jumuiya Ndogo Ndogo nyingi hutangaza mikutano humo. Fundi akionyesha picha za kazi yake hupata wateja. Tena si kila mtu ana shilingi 15,000 mkononi. Kwa wengine, kulipa kidogo kidogo ndio mlango pekee.

Wewe Baba, jiulize pia. Kama una simu janja mfukoni na mke wako alipoomba yake ulimwambia ni anasa, usishangae akiichukua kwa siri. Nawe Mama, kunyimwa si ruhusa ya kuficha.

Kumbukeni pia kwamba simu janja huhitaji chaji karibu kila siku, na bando. Kabambe hukaa siku kadhaa. Penye nyumba isiyo na stima, kila chaji ni pesa.

5. Kabla ya kutia sahihi

Bwana wetu alitoa mfano wa mjenzi wa mnara, ambaye hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14). Nanyi ketini wawili, watoto wakishalala:

(a) Ulizeni bei ya taslimu katika maduka mawili au matatu.
(b) Zidisheni malipo ya siku kwa siku zote, kisha mwongeze malipo ya kwanza.
(c) Kubalianeni nani atalipa, na siku ya kukosa mtafanya nini.
(d) Jaribuni kungoja. Mkianza na zile 2,500 na kuweka akiba ya shilingi 60 kila siku, mtafikisha 15,000 kwa siku 209, yaani karibu miezi saba. Mkishindwa kuweka shilingi 60 kwa mwezi mmoja, mmejua mapema kwamba mngeshindwa kulipa pia.

Na ikiwa tayari mmoja wenu ana deni ambalo mwenzake halijui, aliseme wiki hii. Anayesikia asikilize mpaka mwisho kabla ya kukemea, kwa maana atakayekemewa leo ataficha kesho.

Maswali ya wanandoa

1. Je, kila mmoja wetu anajua madeni yote ya simu tuliyo nayo?
2. Kazi gani ya nyumba yetu inahitaji simu janja kweli?
3. Mwenzangu akitaka kuniambia jambo la pesa, huwa namwogopesha?