Faili za Zamani kwenye Kompyuta Mpya: Mwongozo kwa Waweka Hazina na Makarani wa Nyacheki

Kompyuta ya kikundi imechoka. Inawaka baada ya robo saa, na stima ikikatika kidogo inakataa kabisa. Wanachama wamechanga wakanunua nyingine Kisii mjini, au kijana wa saiba amewashauri waondoe Windows na kuweka Ubuntu kwa sababu mashine yenyewe bado ni nzima. Siku ya kikao mweka hazina anachomeka flashi, anabonyeza faili ya michango iliyoanza kuandikwa 2009, na faili inakataa kufunguka. Au inafunguka, lakini pale palipokuwa na pesa za watu pamejaa alama za ####.

Jambo hili limewakuta wengi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipomaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 haikubali rasmi kompyuta nyingi za miaka ya nyuma, kwa hiyo kikundi kinabaki na njia mbili: kununua mashine nyingine au kubadilisha mfumo. Kwa vyovyote vile, faili za zamani zitahama.

Tunawaandikia wanaotunza hesabu za wenzao: mama mweka hazina wa chama, karani anayejumlisha kilo za majani ya chai kabla ya bonasi, mwalimu mwenye orodha ya karo. Kufungua faili ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kuthibitisha kwamba nambari unazoziona leo ni zilezile ulizoziandika wakati ule.

Kabla fundi hajagusa mashine

Faili nyingi zinazopotea hazipotei kwa sababu mfumo mpya umeshindwa kuzisoma. Zinapotea kwa sababu mtu alifomati kompyuta kabla ya kuuliza kulikuwa na nini ndani. Fundi anasema, "Niisafishe iwe mpya?" nawe unaitikia, maana kusafisha ni neno jema. Mwambie angoje. Nakili folda zote, hata zile usizozikumbuka, kwenye flashi mbili. Moja ibaki kwako, nyingine akae nayo mwenyekiti au katibu, katika nyumba nyingine. Flashi mbili ndani ya mkoba mmoja ni sawa na flashi moja: mkoba ukipotea, zote zimekwenda.

Kama kompyuta haiwaki tena, usikate tamaa upesi. Mara nyingi kilichokufa ni pawa au bodi, na diski ya ndani ni nzima. Fundi anaweza kuitoa, akaiunganisha na kompyuta nyingine kwa kebo ya USB, na faili zikaonekana. Diski inayotoa sauti ya kugonga ni habari nyingine. Izime, usiiwashe tena kujaribu bahati.

Baada ya hapo fanyia kazi nakala tu. Faili asili isiguswe, isihifadhiwe upya, isibadilishwe jina.

Soma mkia wa jina

Herufi zinazofuata nukta ya mwisho katika jina la faili ndizo zinazosema iliandikwa na programu gani. Mkia wa .xls ni wa Excel za zamani, hadi toleo la 2003. Mkia wa .xlsx ulikuja na Excel ya 2007. Mkia wa .ods ni wa mpangilio huria unaotumiwa na LibreOffice, ambao ulitambuliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006. Ukikuta .wk1, umekutana na mzee: hiyo ni Lotus 1-2-3, programu iliyoanza kuuzwa 1983 na kutumika katika ofisi nyingi kabla ya Excel kuipita.

LibreOffice haina malipo. Inafanya kazi kwenye Windows na kwenye Ubuntu, na inafungua mikia yote hiyo minne. Kwa faili za Lotus ni msaada mkubwa, kwani Excel yenyewe iliacha kuzifungua tangu toleo la 2007. Wenye kudhani kwamba programu ya bure ni ya kubahatisha wakumbuke kuwa LibreOffice ilizaliwa 2010 kutokana na OpenOffice.org, programu ambayo mwaka 2004 ilitafsiriwa kwa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuitwa Jambo OpenOffice. Jirani zetu waliona zamani kwamba chombo cha hesabu kinaweza kusema lugha ya mwenye hesabu.

Kama faili haina mkia wowote, usiubuni. Fungua LibreOffice kwanza, kisha uitafute faili kutoka ndani ya menyu ya kufungulia. Programu huchungulia yaliyomo ikatambua yenyewe.

Mambo yanayobadilika kimyakimya

Tuanze na lile linalotisha bila sababu. Alama za #### hazina maana kwamba pesa zimepotea. Maandishi ya kompyuta mpya ni mapana kidogo kuliko yale ya zamani, nambari ikakosa nafasi. Panua safu na itarudi.

Hatari yenyewe haipigi kelele. Chukua majina yetu. Nyang'au, Mong'are, Ong'era: Ekegusii hakiandikiki bila ng', na ile alama ya juu ina sura mbili kwenye kompyuta. Kuna iliyonyooka, inayopatikana kwenye kibodi, na kuna iliyopinda, ambayo Word huiweka yenyewe. Kwa macho yako ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Kama orodha ya wanachama ilinakiliwa kutoka Word na orodha ya michango ikachapwa moja kwa moja, fomula inayotafuta jina katika orodha ya pili haitampata Nyang'au. Itampa kosa, au sufuri ikiwa uliiambia hivyo, na mwanachama aliyelipa kila mwezi ataonekana hajalipa. Faili ikipitia mpangilio wa .csv, ulio maandishi matupu, na kufunguliwa kwa usimbaji wa herufi usio wake, jina linageuka Nyangâ€™au. Dawa ni mbili: unapofungua .csv, chagua UTF-8 katika dirisha linalojitokeza. Kisha tumia amri ya kutafuta na kubadilisha ili alama zote za ng' ziwe zilizonyooka. Mtu asipotezewe mchango wake kwa sababu ya alama ndogo iliyo ndani ya jina alilopewa na wazazi wake.

Tarehe nazo. Kompyuta nyingi zinawekwa mfumo zikiwa na mipangilio ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Ndani ya .xls tarehe iliyoingizwa vizuri iko salama, kwa maana imehifadhiwa kama hesabu ya siku. Kwenye .csv ni maandishi tu. Basi 03/07/2014, uliyoiandika ukimaanisha Julai, inasomwa kuwa tarehe 7 Machi, na 25/07/2014 inaachwa kama maandishi kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Rekodi nyingine zimehama mwezi, nyingine haziwezi kupangwa, na mikopo inaanza kuonekana imechelewa kulipwa. Weka mipangilio ya Kiingereza cha Uingereza kabla hujafungua faili ya kwanza.

Kwenye .csv nambari za simu nazo hupoteza sufuri ya mbele: 07 inabaki 7. Vitambulisho vya zamani vinavyoanza na sufuri hufanyiwa vivyo hivyo. Safu hizo ziambie ni maandishi wakati wa kufungua.

Na ile desturi yetu ya kuandika 500/= ndani ya kisanduku? Kompyuta huiona kuwa neno, na amri ya kujumlisha hulipita neno bila kusema kitu. Hili ni kosa la tangu mwanzo, mfumo mpya haukulileta, lakini wakati wa kuhama ndipo watu huligundua.

Waliohamia Ubuntu wajue mawili zaidi. Bonasi.xls na bonasi.xls huko ni faili mbili tofauti. Na fomula iliyokuwa ikichota takwimu kutoka faili nyingine kwenye C: haitaiona, kwa sababu Ubuntu haina C:. Itabidi uziunganishe upya. Makro za Excel, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, pia hazifanyi kazi zote ndani ya LibreOffice. Kama hesabu ya faida inategemea makro, iandikeni kwanza kwenye karatasi, hatua kwa hatua, mtu akiwa bado anaikumbuka.

Msirudishe faili kubwa ya .xlsx kwenye .xls ili kompyuta ya zamani iisome. Mpangilio wa zamani unabeba mistari 65,536 tu. Uingereza, mwaka 2020, wagonjwa 15,841 wa korona walikosekana kwenye hesabu za taifa kwa muda, na kikomo hicho kikatajwa kuwa chanzo.

Kaunta buku ndiyo shahidi

Faili ikishafunguka katika LibreOffice, bonyeza Ctrl, Shift na F9 kwa pamoja. Programu itapiga hesabu zote upya badala ya kukuonyesha majibu iliyoyakuta. Kisha leta kaunta buku. Chagua wanachama 10, wawemo wenye ng' majinani, na miezi 3 ya miaka tofauti. Mmoja asome kitabuni, mwingine asome kwenye skrini. Linganisheni pia jumla kuu na taarifa ya benki au ya M-Pesa ya tarehe hiyo. Inachukua asubuhi moja. Tunaomba asubuhi hiyo isirukwe, hata kama kila kitu kinaonekana sawa.

Jumla zikikubaliana, hifadhi nakala mpya kama .ods au .xlsx, na uongeze mwaka kwenye jina lake. Faili ya .xls ibaki pale ilipo.

Kuna tovuti zinazojitolea kubadilisha faili bure. Usizipe orodha ya wanachama. Ina majina, vitambulisho, simu na madeni ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamtaka anayetunza habari kama hizo azilinde. Saiba ni vivyo hivyo: ukifungulia faili pale, ifute kwenye folda ya vipakuliwa na kwenye pipa la taka kabla hujainuka kitini.

Mwisho, andika ukurasa mmoja ubandikwe nyuma ya kaunta buku: tarehe ya kuhama, majina ya faili, programu iliyozifungua, faili zenye nywila na anayezijua, tofauti zilizoonekana na jinsi zilivyorekebishwa. Mweka hazina atie sahihi, na mwenyekiti naye atie. Ukurasa huo usomwe kwa sauti katika kikao kinachofuata, na anayetaka kuona mstari wake kwenye skrini aonyeshwe.