Mbwa aliniuma siku nne zilizopita, nimechelewa?

*Daktari, mbwa nisiyemjua aliniuma kwenye shavu la mguu, damu ikatoka, naye akatoweka. Nilipaka mafuta ya taa na kidonda kimekauka. Nina miaka 46. Nasikia sindano ni za tumboni, tena 14! Niende kweli? — M., Morogoro*

Nenda leo. Hujachelewa: virusi vya kichaa cha mbwa hupita kwenye neva polepole, mara nyingi kwa wiki au miezi, na chanjo huwahi kabla havijafika ubongoni. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona. Kidonda kukauka hakunitulizi hata kidogo.

Sindano za tumboni zilikuwa za zamani. Mtu mzima huchomwa begani: siku ya kuanza, ya 3, ya 7, na pengine zaidi kwa ratiba ya kituo. Usiruke hata moja. Kwa kuwa damu ilitoka, uliza pia kuhusu kingamwili inayochomwa kidondani, na chanjo ya pepopunda.

Kioshe kidonda sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15. Mafuta ya taa yabaki jikoni.

Mbwa anayejulikana huangaliwa siku 10, lakini wako hayupo, usimsubiri. Mjulishe ofisa mifugo. Si kila zahanati ina chanjo hii, hivyo ulizia kabla ya kupanda gari.