Somo: Marando Kwenye Ukingo Yanahitaji Kutunzwa



Vikundi vingi vimeshapanda marando ya viazi vitamu kwenye kingo za fanya juu, na pia kwenye ule ukuta wa udongo unaobaki nyuma ya nyumba mtu akichimba mlima apate kiwanja. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini ukipita msimu wa pili unakuta ukingo mmoja umefunikwa kabisa, na wa jirani umebaki mwekundu, umekatwa na vijito, na wote walipanda wiki moja. Katika Mwanzo 2, mtu alipewa bustani na kazi mbili: kulima na kutunza. Leo tuzungumze juu ya hiyo ya pili.

Tukumbuke kwanza kwa nini tunafunika. Tone la mvua likipiga udongo ulio wazi hupasua madonge. Unga wake huziba vitundu vya udongo, maji yanakataa kuingia, yanateremka na kubeba mbolea yote. Jani likilipokea tone hilo kwanza, linafika chini bila nguvu. Miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimechakaa kwa mmomonyoko, na baadaye ni vikundi vya mwethya, wengi wao kina mama, vilivyochimba matuta na kuvirudisha. Tuta lisilofunikwa ukingo wake huliwa pole pole, na ile kazi ya jembe inapotea.

Sasa, marando yakishapandwa, wiki sita hivi za kwanza ndizo ngumu. Palilia kwa mkono, usitumie jembe. Jembe linalegeza udongo pale pale unapotaka ushikamane. Magugu uliyong'oa yalaze kukata mteremko, yazuie maji. Penye pengo usingoje: chukua tawi refu la jirani, livute hapo, lifukie kifundo kimoja na kuweka jiwe juu. Litaota mizizi lenyewe.

Hapa tunataka kina mama watusikilize vizuri, maana shambani mmezoea kunyanyua marando ili yasiote mizizi kila kifundo na kupunguza viazi. Huko shambani mko sawa. Kwenye ukingo yaache yaote. Kila kifundo kilichoingia ardhini ni kama kigingi. Utapata viazi vidogo, ndiyo, lakini ukingo hatukuupanda kwa ajili ya gunia.

Na hapo ndipo shida kubwa inapoanza: kuvuna. Mtu anaona nyufa kwenye udongo, anajua kiazi kimenenepa, anashika jembe na kuchimba ukingo wote siku moja. Mvua inayofuata inakuta udongo laini, uliochimbuliwa, wala hauna jani hata moja. Ni afadhali asingepanda kabisa. Vuna kwa kuchokoa: fuata ufa, toa kiazi kimoja au viwili kwa kijiti, rudisha udongo, ukanyage. Ufa ambao huuchimbui uzibe pia, kwa sababu fukusi hupitia humo kufika kwenye kiazi.

Mwenye ng'ombe au mbuzi naye ana majaribu yake. Kata marando kwa zamu, kipande hiki wiki hii, kile wiki ijayo, na acha urefu wa shibiri moja. Mvua ikikaribia, usikate kabisa. Kufungulia mbuzi juu ya ukingo tusikuzungumzie hata, kwato zinaharibu kuliko meno. Wanaotaka malisho hasa wafikirie desmodiamu. Inachelewa kuanza na mbegu yake ni ghali, lakini inakaa miaka, inaongeza rutuba, na ng'ombe wa maziwa anaipenda. Ila hutambaa na kupanda juu ya miche, kwa hiyo kila mche wa mgrevilea au mparachichi uachiwe nafasi ya mkono mmoja kuuzunguka.

Nyuma ya nyumba acha pia hatua moja wazi kati ya mimea na ukuta. Panya hupenda kivuli hicho, na nyoka huwafuata panya.

Kiangazi marando mengi yatakauka. Usihuzunike. Panda kitalu kidogo karibu na bafu au chini ya migomba, panapomwagwa maji, na wanakikundi watagawana miche mvua ikirudi. Chukua ncha za matawi, urefu wa futi moja, zisizo na majani yaliyojikunja wala madoa. Sehemu kuukuu karibu na shina huwa na fukusi.

Jambo la mwisho ni zito. Marando hulinda ngozi ya mlima, hayawezi kuushika mlima wenyewe. Maji ya mabati au ya barabara yakimwagika juu ya ukingo, yataondoka na marando na udongo pamoja. Chimbeni mtaro wa kukinga maji juu, na mkubaliane na jirani mahali maji yatakapotokea. Na mkiona ardhi juu ya ukingo imepasuka ufa mrefu, au miti na nguzo zimeanza kuinama wakati wa mvua nyingi, watu wasilale nyumba iliyo chini yake, hata kama ukingo ni kijani. Novemba 2019, maporomoko ya Pokot Magharibi yaliua watu zaidi ya 40, na yalikuja usiku. Mwambieni chifu mapema.

Maswali ya mkutano ujao: Ni ukingo wa nani katika kikundi chetu uliobaki wazi, na nani atatoa miche? Maji ya mabati yetu yanaelekea kwa nani? Kitalu cha kiangazi tukiweke kwa nani, na zamu ya kukimwagilia iweje?