Seva ya Bei Nafuu: Maswali Yanayojirudia

Nimeona tangazo la seva ya maisha yote, unalipa mara moja tu. Ninunue?

Usinunue. Umeme na intaneti ya seva hulipiwa kila mwezi. Fedha yako ikishaliwa, gharama zako zinabebwa na mteja anayefuata, na siku wateja wapya wakikauka, mashine inazimwa.

Tangazo lilisema dola 4 kwa mwezi. Mbona nimekatwa zaidi?

Anwani za IPv4 zimeadimika, na baadhi ya kampuni huzitoza peke yake. Amazon ilianza Februari 2024: dola 0.005 kwa saa, yaani kama dola 3.6 kwa mwezi, bado hujahesabu mashine yenyewe. Ongeza kodi na data inayozidi kiwango. Soma ukurasa wa bei mpaka chini kabla ya kuweka namba ya kadi.

Seva pepe ya KVM au ya OpenVZ?

KVM.

Nipo Dar. Seva iwe Afrika au Ulaya?

Kwa tovuti ndogo au faili za familia, Ujerumani au Finland inatosha, na mara nyingi ndiko kwenye bei ya chini. Ukipima kwa ping utaona zaidi ya milisekunde 100, ambazo msomaji wa ukurasa hatazihisi. Kwa simu za sauti, tafuta Nairobi au Johannesburg. Jua pia kwamba nyaya za baharini hukatika: Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika pamoja, na intaneti ya Tanzania na Kenya ikazorota.

Data zangu ziko kwenye wingu. Nakala rudufu za nini tena?

Barua za namna hii ni nyingi, nazijibu pamoja, na ndizo zinazoniumiza zaidi. Wingu ni kompyuta zilizopangwa ndani ya jengo, na jengo huungua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021 moto ulizuka katika kituo cha OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo la SBG2 liliteketea, na sehemu ya SBG1 nayo ikaungua. Kuna wateja waliokuwa na nakala, lakini nakala zenyewe zilikuwa hapohapo Strasbourg. Zikaenda na moto.

Mwingine ananiambia ana RAID. RAID hukusaidia diski moja ikifa. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote papo hapo. Picha ya seva (snapshot) iliyohifadhiwa kwenye akaunti ileile nayo haitoshi: kadi ikikataliwa na akaunti ikafungwa, seva na picha vinaondoka pamoja.

Fanya hivi. Hifadhidata itoe kwanza kwa pg_dump au mysqldump, kwa sababu ukinakili faili zake huku inaandikwa, huenda nakala isifunguke. Kisha programu ya restic au borg ipeleke kila kitu, kila usiku, kwa kampuni nyingine au kwenye diski ya nyumbani. Nenosiri la nakala hizo liandike mahali nje ya seva. Na kila baada ya muda rejesha faili kadhaa, uzifungue, uzisome. Nakala ambayo hujawahi kuirejesha usiitegemee. Gharama ya haya yote ihesabu kwenye bei ya seva tangu siku ya kwanza. Kama bajeti haitoshi, chukua mashine ndogo zaidi.

Kuna watu usiku kucha wanajaribu kuingia kwenye seva yangu. Fundi anataka hela ahamishe SSH kutoka bandari ya 22.

Hizo ni programu zinazobisha kila anwani duniani, hazikujui wewe. Kubadilisha bandari kunapunguza kelele tu, na kumtoza mtu fedha kwa kazi hiyo ni kumwibia. Tengeneza ufunguo wa SSH, ujaribu kuingia nao kwenye dirisha la pili huku la kwanza likiwa wazi, ndipo uweke PasswordAuthentication no. Halafu, kama seva yako ni ya Debian, washa unattended-upgrades ili ijisasishe yenyewe.