Kiwanja Hakitakutoa kwa Mwenye Nyumba Mwezi Ujao

*Mshauri, mimi ni mama wa watoto wawili, tumepanga vyumba viwili Tabata. Tuko familia tano, choo kimoja na LUKU moja. Umeme ukiisha ni ugomvi: nani ana friji, nani kapiga pasi. Tunalipa shilingi 150,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo. Sasa baba mwenye nyumba anataka 200,000, tena ya mwaka mzima, na mkataba wetu unaisha baada ya miezi miwili. Tuna akiba ya milioni 7, nusu yake imetoka kwenye cherehani yangu na upatu. Mume wangu amepata kiwanja Chanika, miguu 20 kwa 20, milioni 6 na nusu, kwa karatasi za serikali ya mtaa. Dalali anasema kuna mteja mwingine, tulipe Jumamosi. Mume anataka mkataba uandikwe jina lake tu ili mambo yasiwe mengi. Nimechoka kupanga. Tununue? – Mama wa Tabata*

Mwanangu, uchovu wako una haki, na hamu ya kuwa na mlango ambao hakuna mtu mwingine ana ufunguo wake ni hamu njema. Lakini barua yako imefunga pamoja mambo mawili ambayo hayana budi kufunguliwa. Moja ni kumkimbia mwenye nyumba huyu. La pili ni kumiliki. Kiwanja cha Chanika hakitatui la kwanza hata kidogo. Piga hesabu na mumeo leo usiku. Mkilipa milioni 6 na nusu, mnabaki na laki tano. Sehemu nyingi mwenyekiti wa mtaa hudai asilimia 10 ya bei ili agonge muhuri, desturi isiyo na msingi wa kisheria lakini ipo. Mkidaiwa hiyo 650,000, akiba imekwisha na mnadaiwa laki moja na nusu juu yake. Miezi miwili baadaye mwenye nyumba anataka milioni 2.4. Kwenye kiwanja hakuna hata shimo la choo. Mtapata wapi pesa, kama si kwenye mikopo ile ambayo mtaani inaitwa kausha damu? Mtakuwa mmenunua ardhi ili mzidi kuwa wapangaji, na wapangaji wenye madeni.

Utaniambia kwamba kodi ni pesa inayopotea. Ni kweli kwamba 150,000 kila mwezi kwa miaka mitano ni milioni 9, na mwisho wake huna tofali. Sibishani na hilo. Ila hoja hiyo inalinganisha kupanga na nyumba iliyokwisha, wakati unachouziwa ni kipande cha ardhi. Kati ya ardhi na nyumba kuna msingi, boma, lenta, kupaua, milango, choo, maji na nguzo ya umeme, na wengi wetu hujenga hivyo hivyo, mwaka huu msingi, mwaka kesho boma, kwa pesa taslimu. Hapo ndipo ninapotaka ukae na kufikiri. Anayenunua nyumba kwa mkopo wa benki hukaguliwa: benki hutaka hati, humtuma mthamini, hupeleka mwanasheria kwenye masjala. Wewe unayelipa taslimu huna anayekukagulia. Wewe ndiye benki, na huna budi kuwa na shaka kama benki. Kwa ujenzi wetu wa hatua kwa hatua, kila mfuko wa saruji utakaoubeba kwa miaka 10 ijayo utaegemea uamuzi wa Jumamosi hiyo moja. Ardhi ikiwa na kasoro, kila tofali unalopanga linaongeza hasara.

Na kasoro si hadithi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na haki ya kuitumia mjini hutolewa na mamlaka za ardhi. Serikali ya mtaa haina uwezo wa kumilikisha mtu. Muhuri wake unathibitisha kwamba fulani alimuuzia fulani mbele ya mashahidi. Hauthibitishi kwamba fulani alikuwa na haki ya kuuza, wala kwamba mahali hapo panaruhusiwa nyumba. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu wapatao 40, na waliokuwa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zikavunjwa. Mwaka 2017, kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, zilipigwa alama ya X na kubomolewa nyumba za watu waliokaa humo miaka mingi, kwa maelezo kwamba zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Wengi katika hao walikuwa na karatasi za mauziano. Walikuwa wamenunua kwa nia njema kabisa.

Najua mumeo atajibu: nusu ya Dar es Salaam na zaidi imejengwa bila kupimwa, na watu wanazeeka humo bila kuguswa. Ni jibu zito, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Serikali yenyewe imetambua makazi hayo kwa leseni za makazi na kwa urasimishaji, na aliyekaa mahali salama ana haki ya fidia ardhi yake ikitwaliwa. Kwa hiyo sisemi usinunue kamwe ardhi isiyopimwa. Nasema usiinunue bila kujua iko katika kundi gani. Aliyejenga eneo linaloweza kurasimishwa na aliyejenga ndani ya mita 60 za kingo za mto, ambazo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda, wameshika karatasi zinazofanana na muhuri unaofanana. Tofauti yao haionekani kwa macho, na dalali hana sababu ya kukuonyesha.

Kinachoionyesha ni kazi ya wiki mbili. Nendeni ofisi ya ardhi na mipango miji ya halmashauri mkiwa na alama za mahali, muulize kama eneo lina mchoro na kiwanja hicho kimeangukia nini: makazi, barabara, shule, uwanja wa wazi. Kama kimepimwa, ombeni taarifa ya umiliki kwa Msajili wa Hati, kwa namba ya kiwanja. Ongeeni na majirani wa pande zote nne, bila dalali kuwepo. Muulizeni muuzaji alikipataje. Kama ni cha urithi, mtakayekubaliana naye ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama kaka mkubwa ndiye mwenye maneno mengi. Kama ana mke, mke aje akae kwenye kiti na atie saini. Na mkiweza, rudini Chanika siku moja baada ya mvua kubwa ya masika. Maji hayadanganyi kuhusu bonde.

Bei zinapanda, ndiyo. Huenda wiki mbili zikakukosesha kiwanja hiki, na sitakuficha kwamba hiyo ni hasara. Lakini muuzaji asiyeweza kukuvumilia wiki mbili anakuomba uweke akiba ya maisha yako mahali ambapo hataki upaangalie. Kuhusu viwanja vilivyopimwa kuwa ghali, linganisheni kwa kalamu: bei ya kisichopimwa, pamoja na gharama za kukirasimisha baadaye, pamoja na kile kipande kitakachokatwa mpango wa barabara ukija. Zipo halmashauri na kampuni zinazouza vilivyopimwa kwa awamu. Mkienda njia hiyo, mkataba utaje namba ya kiwanja, namba ya kitalu na siku ya kukabidhiwa, na risiti itoke kwa kila malipo. Kidogo chenye namba, hata kikiwa mbele zaidi, Kibaha au Mkuranga, kitakufaa pia siku utakapotaka mkopo wa kumalizia, kwa sababu benki haipokei karatasi ya mtaa kuwa dhamana kama inavyopokea hati.

Kuhusu jina, nitasema kifupi kwa sababu halina mjadala mrefu. Nusu ya pesa ni yako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini kinga hiyo inaizungumzia nyumba, na hapa kuna kiwanja kitupu kitakachokaa miaka kabla ya kuwa nyumba. Majina mawili kwenye mkataba hayaongezi gharama yoyote. Mweleze mumeo kwa upole, mkiwa peke yenu, kwamba hii inawalinda na watoto hata dhidi ya ndugu, Mungu asipomjalia uhai mrefu yeye au wewe. Kama ana sababu nyingine, aitaje kabla ya Jumamosi.

Sasa huyo mwenye nyumba. Tangu sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984 ilipofutwa mwaka 2005, bei ni maelewano, kwa hiyo huna pa kumshtaki kwa kupandisha mkataba ukiisha. Una miezi miwili ya kutafuta kwingine, na hiyo ndiyo silaha yako. Tafuta vyumba vya bei unayolipa sasa, hata pembeni kidogo, kwa mwenye nyumba anayekubali miezi mitatu au sita. Ukipata kwa 150,000, miezi sita ni laki tisa na dalali mwezi mmoja: milioni 1 na elfu 50. Akiba itabaki karibu milioni 6. Kabla ya kulipa, uliza kama umeme ni mita ya kwako. Kama ni ya pamoja, kubalianeni mita ndogo ya kila familia na iandikwe. Uliza pia kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni deni la mwenye jengo, ipunguzwe kwenye pango.

Jumamosi nendeni Chanika kama mlivyopanga, ila pesa ziacheni benki. Chukueni kamba na daftari, ombeni nakala ya kitambulisho cha muuzaji, pimeni hiyo miguu 20 kwa 20 kwa mita, kisha Jumatatu asubuhi mwanzie halmashauri.