Somo la Vikundi: Mgeni Anapokuja Kuwafundisha Watoto Wetu Kiingereza



Somo la safari hii linatokana na swali ambalo vikundi hutuuliza mara kwa mara. Barua imefika kutoka ng'ambo. Kuna kijana anayetaka kuja kijijini kwa majuma sita, awafundishe watoto Kiingereza bila mshahara. Je, tumjibu nini?

Jibu la haraka ni "Karibu." Sisi pia tulijibu hivyo, na baadaye tukajuta. Hatukujuta kwa sababu mgeni alikuwa mbaya. Tulijuta kwa sababu hatukuwa tumejitayarisha. Somo hili basi si la kuwafukuza wageni. Ni la kutufundisha kukaribisha kwa akili.

Mwenyekiti achague watu wa kusoma, kila mmoja sehemu moja kwa sauti. Ambaye hajui kusoma asijione mdogo, maana maswali yaliyo mwishoni ni yetu sote.

TUSOME KWANZA

Fungueni Mwanzo 18:1-8, habari za Ibrahimu na wageni watatu. Angalieni jinsi alivyofanya. Aliwakimbilia, akawapa maji na kivuli cha mti, akamwambia Sara atayarishe unga, akachagua ndama. Wageni waliheshimiwa sana, lakini hawakuingia jikoni kupanga kazi. Mwenyeji ndiye aliyejua nyumba yake ina nini na nani atafanya nini.

Halafu someni Luka 14:28-30, juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Yampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama.

1. YALIYOTUPATA SISI

Baadhi yetu tulikuwa katika kamati ya shule ndogo ya chekechea iliyokuwa chini ya kanisa. Mwalimu alikuwa mama wa hapo hapo kijijini, na wazazi walimlipa kwa mchango wa kila mwezi. Pesa zilikuwa kidogo na mara nyingi zilichelewa, lakini mama huyo hakukosa kazini.

Akaja dada mmoja kutoka ng'ambo, mwenye roho nzuri kabisa. Tulifurahi, tukachinja kuku. Kisha tukamwambia mwalimu wetu, "Mama, wewe pumzika kidogo, mgeni atafundisha." Tulidhani tunamsaidia. Kumbe tulikuwa tunamwondoa.

Mwezi wa kwanza watoto waliimba nyimbo za Kiingereza mpaka barabarani. Wazazi nao wakasema, "Sasa kuna mzungu anayefundisha bure, mchango ni wa nini?" Wengi wakaacha kulipa. Mwalimu alikaa nje chini ya mwembe akishona, na hakuna aliyemuuliza analisha vipi watoto wake.

Majuma yalipoisha dada akapanda gari, watoto wakalia. Jumatatu mwalimu akarudi darasani. Watoto wakamwambia wazi kwamba yeye si mwalimu, mwalimu amekwenda kwao. Wazazi walikuwa wamezoea kutolipa. Kabla ya muhula kwisha mama huyo alipata kazi ya duka mjini akaondoka, na shule ikafungwa miezi mingi. Sanduku la vitabu alivyotuachia mgeni lilibaki limefungwa, kwa maana hakuna aliyekuwa ameonyeshwa namna ya kuvitumia.

Tukaulizana, ni nani aliyekosa? Si yule dada. Yeye alifanya tulilomwambia. Kosa lilikuwa letu, kamati. Mwalimu wetu tulimwomba msamaha, lakini tulikuwa tumechelewa.

2. DESTURI HII ILITOKA WAPI?

Kujitolea kwenda nchi nyingine kufundisha si jambo geni. Mwaka 1958 shirika la VSO lilianzishwa Uingereza kutuma vijana ng'ambo. Mwaka 1961 Rais Kennedy wa Marekani alianzisha Peace Corps, na Tanganyika ilikuwa kati ya nchi za kwanza kupokea watu wake. Nchi yetu iliwapokea kuanzia miaka ya sitini, baada ya uhuru. Wazee wengi wanakumbuka walimu hao katika shule za sekondari. Wakati huo walimu wenye elimu ya kutosha walikuwa haba, na wageni hao walikaa miaka miwili au zaidi, wakafundishwa hata Kiswahili.

Siku hizi mambo yamebadilika. Walimu waliosomea kazi wako, na wengine wako nyumbani wakingoja kuajiriwa. Wageni wengi nao huja kwa majuma machache, wakati wa likizo yao. Wengine wamelipa kampuni za usafiri pesa nyingi ili waletwe.

Tena mgeni anaweza kuondoka bila kutarajiwa. Mwaka 2014 Peace Corps ilisimamisha kazi yake Kenya kwa sababu ya usalama. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, iliwarudisha kwao watu wake wote waliokuwa duniani, karibu 7,000. Kama hata shirika kubwa hivyo laweza kufunga mizigo kwa siku chache, basi kazi ya kijiji isiegemee bega la mgeni peke yake.

3. MTOTO HUJIFUNZA KIINGEREZA NAMNA GANI?

Wengine wetu hufikiri kwamba mtoto akisikia Kiingereza cha mwenyewe tangu asubuhi hadi jioni, basi amekijua. Sivyo. Mtoto hujenga lugha mpya juu ya ile aliyo nayo. Ndiyo sababu mpango wa elimu wa Kenya unasema watoto wa chekechea mpaka gredi ya tatu wafundishwe kwa lugha inayotumika mahali pale, nacho Kiingereza wakisome kama somo. Kuanzia gredi ya nne ndipo Kiingereza kinatumika kufundishia masomo mengine.

Mgeni asiyejua hata neno moja la lugha yetu akiachiwa darasa la watoto wa miaka mitano, watafuata sauti yake kama kasuku. Wataimba vizuri, lakini ukiuliza maana wananyamaza. Kumbe mwalimu wetu anaweza kueleza neno moja kwa lugha ya mama, mtoto akacheka na kuelewa mara moja.

Je, mgeni hana faida? Anayo, na si ndogo. Hizi hapa kazi anazoweza kufanya vizuri:

(a) Kuzungumza na watoto wakubwa, wa gredi ya nne kwenda juu, ambao tayari wana maneno kiasi. Hao wanakosa nafasi ya kuongea bila kuogopa kuchekwa.

(b) Kuwasomea hadithi kwa sauti, na kumsikiliza kila mtoto akisoma, mmoja mmoja. Mwalimu mwenye watoto 60 hana muda huo.

(c) Kukaa na walimu baada ya masomo na kuzungumza nao Kiingereza. Mwalimu mmoja akipata ujasiri, atawafaa watoto wa miaka 20 ijayo.

(d) Kutengeneza vitabu pamoja na walimu. Babu asimulie hadithi, mwalimu aiandike kwa lugha ya hapa na kwa Kiswahili, mgeni asaidie kwa Kiingereza, watoto wachore picha. Karatasi, katoni na uzi zinatosha. Vitabu hivyo vitabaki.

Katika yote hayo mgeni ni msaidizi wa mwalimu. Sheria nayo iko upande huo. Kwa Sheria ya Tume ya Kuajiri Walimu ya 2012, mtu asiyesajiliwa na TSC hana ruhusa ya kufanya kazi ya ualimu. Tena mgeni anayefanya kazi Kenya, hata bila mshahara, anahitaji kibali cha Uhamiaji. Kibali cha kutembea tu hakitoshi. Msikubali mtu awaambie, "Hayo tutayaona baadaye."

4. USALAMA WA WATOTO

Hapa tutasema wazi, ingawa ni neno zito. Wageni wengi ni watu wema. Lakini mwenye nia mbaya hutafuta mahali ambapo hataulizwa maswali.

Mwaka 2015 mahakama ya Birmingham, Uingereza, ilimfunga mwanamume mmoja zaidi ya miaka 17 kwa kuwadhulumu kingono watoto wa Gilgil. Mtu huyo alikuwa akiendesha shirika la kuleta vijana wa kwao kufundisha katika shule za huku. Mwaka 2016 mahakama ya Oklahoma, Marekani, ilimfunga miaka 40 kijana aliyekuwa amejitolea katika nyumba ya watoto hapa Kenya. Wote wawili walipokelewa kwa mikono miwili.

Kwa hivyo kila kikundi kiwe na kanuni, na kanuni ziwe sawa kwa mweupe na mweusi, kwa padri na mchungaji, kwa mgeni na mwenyeji:

Kwanza, alete cheti cha tabia njema kutoka polisi wa kwao, na majina ya watu wawili waliofanya kazi naye. Katibu awapigie au awaandikie kabla ya mgeni kununua tikiti.

Pili, asikae na mtoto peke yake mahali pasipoonekana. Asilale chumba kimoja na mtoto, wala asimchukue safari bila mzazi na kamati kujua.

Tatu, asipige picha za watoto na kuzitangaza bila ruhusa ya wazazi. Mtoto wako asiwe tangazo la kuombea pesa.

Nne, watoto wafundishwe kusema. Wajue ni mtu mzima yupi wa kumwendea, na wajue kwamba namba 116 hupigwa bure kuripoti mtoto anayedhulumiwa.

Neno moja juu ya nyumba za watoto. Tangu 2017 serikali ilisimamisha usajili wa nyumba mpya, na mpango wa 2022 mpaka 2032 ni kuwarudisha watoto katika jamaa. Watoto wengi walio humo wana mzazi au ndugu aliye hai. Mtoto ambaye kila mwezi anapendwa na mgeni mpya, kisha anaachwa, anajeruhiwa moyoni. Basi tusifungue nyumba ya watoto ili tupate wageni. Afadhali kumsaidia shangazi au nyanya amlee mtoto nyumbani.

5. TUHESABU GHARAMA

"Bure" ina bei yake. Mgeni atalala wapi? Nani atateka maji yake na kuni zake? Akiugua malaria, nani atampeleka hospitali na kwa gari la nani? Mara nyingi mzigo huu huwaangukia akina mama, nao hawakuulizwa.

Kama mgeni ameletwa na kampuni, mwekahazina aulize bila haya: amelipa kiasi gani, na sehemu gani itafika kwa jamaa inayomlaza na kwa shule? Si tamaa kuuliza hivyo. Ni hesabu.

Na mchango wa mwalimu usisimame hata kwa mwezi mmoja. Kamati itangaze mbele ya wazazi wote, mgeni akiwapo: "Huyu amekuja kumsaidia mwalimu wetu. Mwalimu ni yule yule, na mchango ni ule ule."

6. MARA YA PILI

Miaka kadhaa baadaye tulipata barua nyingine. Safari hii tuliketi kwanza. Tulimwita mwalimu mpya tukamuuliza, "Wewe unahitaji nini?" Akasema watoto wake wakubwa hawana wa kuwasikiliza wakisoma, na yeye mwenyewe anaogopa kuongea Kiingereza mbele ya mkaguzi. Hayo mawili ndiyo tuliyomwandikia mgeni. Tulimwomba pia akae miezi mitatu, si majuma, na ajifunze salamu zetu kabla hajafika.

Alikubali. Kila asubuhi mwalimu alisimama mbele, mgeni akaketi nyuma na kundi dogo. Jioni wawili hao waliketi na daftari. Alipoondoka watoto walisikitika, lakini kesho yake masomo yaliendelea saa ile ile, na saa ya kusoma kwa sauti ikasimamiwa na wasichana wawili waliomaliza sekondari, ambao mgeni na mwalimu walikuwa wamewazoeza. Vitabu 14 vya katoni viko mpaka leo, ingawa vingine vimeliwa na panya.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumejifunza kwamba mwenyeji haponi kwa kuja kwa mgeni tu. Hupona kama alijua mahali panapomuuma kabla mgeni hajabisha hodi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Katika hadithi yetu ya kwanza, ni wakati gani kamati ingeweza kuzuia mambo yasiharibike?
2. Mwalimu wa watoto wetu anaitwa katika mkutano wakati mambo ya shule yanapoamuliwa? Kama haitwi, ni kwa nini?
3. Mgeni akiondoka leo jioni, ni kitu gani kitaendelea kesho asubuhi?
4. Je, hapa kwetu wako vijana waliomaliza shule ambao wangeweza kuwasikiliza watoto wakisoma, hata bila kungoja mgeni?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Andikeni mapatano ya ukurasa mmoja: kazi ya mgeni, mwalimu atakayefanya naye, muda atakaokaa, mahali atakapolala, kanuni za usalama, na pesa. Yasomwe mbele ya wazazi, kisha katibu ayaweke. Siku barua itakapokuja, mtakuwa na la kujibu.

Tumalize kwa maombi. Tuwaombee walimu wetu wa vijijini, wanaobaki wageni wanapoondoka.